Nembo na Namba ya Chesisi: Historia ya Matoleo na Madaraja ya Vani za Kijapani za 4WD Zilizoingizwa Afrika Mashariki

Utangulizi

Katika lugha ya vituo vya mabasi vya Afrika Mashariki, majina ya biashara ya magari yamegeuka kuwa majina ya kawaida. Mjini Arusha na Moshi, Noah ni karibu gari lolote dogo la abiria lenye mlango wa kusukuma ubavuni. Nchini Kenya abiria husema amepanda nissan hata kama gari lililombeba ni Toyota, na jijini Dar es Salaam HiAce za daladala zilipewa jina la vipanya. Lugha hii hutimiza kazi yake bila kasoro, kwa kuwa abiria anachohitaji kujua ni njia na nauli, si mwaka wa toleo. Tatizo huanza pale mnunuzi, fundi au mtafiti anapolazimika kutofautisha gari moja na jingine. Hapo hutazamwa nembo iliyobandikwa mlango wa nyuma: Super GL, Super Custom, Field Tourer, Exceed, 4WD. Nembo hizo huaminiwa, hulipiwa, na mara nyingine hunakiliwa moja kwa moja katika maandishi ya kitaaluma kana kwamba ni maelezo kamili ya gari.

Insha hii inachunguza historia ya vani za Kijapani zenye mfumo wa kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne, mfumo utakaoitwa hapa 4WD kama unavyoandikwa kwenye magari yenyewe. Hoja yake ni kwamba daraja la vifaa la vani hizi lilitungwa kujibu sheria za kodi, hali ya hewa na mitindo ya maisha ya Japani, na kwamba maana hiyo haikusafiri pamoja na gari. Kilichosafiri bila kupotea ni namba ya chesisi. Anayeandika historia ya usafiri wa eneo hili kwa kutegemea nembo huandika historia ya matangazo ya Japani; anayesoma namba ya chesisi hupata gari lenyewe, pamoja na jambo zito zaidi, yaani kama gari hilo liliundwa kubeba watu au mizigo.

Sheria ya Japani ndani ya bodi

Vani ya Kijapani haieleweki bila kutazama kwanza sheria ya usajili ya nchi ilikotoka. Japani hugawa magari katika makundi yanayotambulishwa kwa tarakimu juu ya kibao cha usajili. Gari dogo la mizigo, ambalo tarakimu zake huanza na 4, halitakiwi kuzidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 2.0. Likiwa la petroli, injini yake haitakiwi kuzidi sentimita za ujazo 2,000. Injini ya dizeli haibanwi na kikomo hicho. Gari la mizigo likivuka kipimo kimojawapo huhamia kundi la 1. Magari ya abiria huwa katika kundi la 5 au la 3 kwa kufuata mipaka inayofanana na hiyo, na mabasi madogo huingia kundi la 2.

Toyota HiAce ya kawaida ya kizazi cha tano, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, ina urefu wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695. Milimita tano zinazobaki katika kila kipimo hazikubaki kwa bahati. Wahandisi walijaza nafasi yote ambayo sheria iliruhusu, wakasimama hatua moja kabla ya mpaka. Ndiyo maana ubavu wa gari hilo umesimama wima kama ukuta na injini imewekwa chini ya viti vya mbele: kila sentimita iliyoweza kupatikana ilipewa sehemu ya nyuma.

Kundi la mizigo lina faida na gharama zake. Kodi yake ya kila mwaka ni ndogo kuliko ya gari la abiria, lakini ukaguzi wa lazima hufanyika baada ya miaka miwili ya mwanzo na kisha kila mwaka, ilhali gari la abiria hukaguliwa baada ya miaka mitatu na kisha kila baada ya miwili. Aidha, ili gari likubaliwe kuwa la mizigo, eneo la mzigo lazima liwe kubwa kuliko eneo la abiria walio nyuma ya dereva. Sharti hili la mwisho ndilo lililounda madaraja. Katika vani ya HiAce ya kizazi cha tano, daraja la DX ni la kazi: sakafu ya plastiki, bampa zisizopakwa rangi ya bodi, viti vyembamba vinavyokunjwa. Daraja la Super GL lina bampa za rangi ya bodi, viti vya kitambaa kizuri na vioo vyeusi vya nyuma, na kwa mtu asiyejua linaonekana kuwa gari la familia. Kisheria si gari la familia. Super GL ni vani ya mizigo yenye viti vitano, na nyuma ya safu ya pili sakafu imeachwa wazi kwa sababu sheria ilitaka iachwe wazi.

Magari ya abiria ya jina hilohilo yalikuwa na madaraja yao. Katika kizazi cha nne, kilichoanza mwaka 1989, Super Custom na Super Custom Limited zilikuwa magari ya watu yenye viti vinene na nafasi ya miguu, si vani zilizopambwa. Katika kizazi cha tano nafasi hiyo ilichukuliwa na Grand Cabin, yenye viti kumi na bodi pana. Kando yake kulikuwa na HiAce Commuter, basi dogo la viti 14 vilivyofungwa kiwandani, lenye urefu wa mita 5.38 na upana wa mita 1.88.

Inafaa kutulia kidogo juu ya vipimo hivyo. Kati ya Commuter na vani ya kawaida kuna tofauti ya urefu wa sentimita 68.5, na zaidi ya sentimita 18 za upana. Sentimita 68.5 ni karibu nafasi ya safu moja ya viti pamoja na magoti ya wanaoketi. Vani ya mita 4.695 inapofungwa viti ili ibebe idadi ambayo kiwanda kiliipa gari la mita 5.38, safu hiyo moja lazima itoke mahali fulani, na hutoka katika magoti ya abiria na katika njia ya kupita kuelekea mlangoni. Muhimu zaidi, viti vya ziada hufungwa katika sakafu iliyopangiwa mzigo, isiyo na sehemu zilizoimarishwa kiwandani kwa ajili ya boliti za viti na mikanda. Kanuni za Kenya za mwaka 2003, zilizotangazwa katika Tangazo la Kisheria namba 161 na kuanza kutekelezwa kwa nguvu mwezi Februari 2004, ziliagiza kila kiti cha matatu kiwe na mkanda na kila gari liwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kanuni hizo zilishughulikia mkanda. Swali la kule mkanda unakoshikiliwa lilibaki mikononi mwa fundi wa kuchomelea.

Magurudumu manne na maana zake nyingi

Mfumo wa 4WD haukuingia katika vani za Kijapani kwa ajili ya matope ya nchi za joto. Uliingia kwa ajili ya theluji. Sehemu kubwa ya Hokkaido na pwani ya magharibi ya kisiwa cha Honshu hufunikwa na theluji kwa miezi kadhaa kila mwaka, na wafanyabiashara wadogo wa huko walihitaji gari la mzigo lisilokwama asubuhi. Baadaye, katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, familia za mijini zilipata fedha na muda wa kwenda milimani kuteleza juu ya theluji na kupiga kambi, na magari ya starehe za nje yakawa mtindo.

Mitsubishi Delica ndiyo inayoonyesha mabadiliko hayo kwa uwazi zaidi. Jina lenyewe lilifupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya gari la kupelekea bidhaa, na toleo la kwanza la mwaka 1968 lilikuwa pikapu ndogo. Kizazi cha pili kilikuja mwaka 1979, na mwezi Oktoba 1982 kikapata 4WD, miezi michache baada ya kampuni hiyo kuzindua Pajero. Magari hayo mawili yalishirikiana vifaa vya mfumo wa nguvu. Kizazi cha tatu, kilichotoka mwaka 1986 na kuuzwa nje kwa jina la L300, kiliendeleza mpango huo: injini chini ya viti vya mbele, dereva ameketi juu ya magurudumu ya mbele, na kandokando ya gia ya kawaida kuna mkono wa pili wa kuchagua magurudumu mawili, magurudumu manne, au magurudumu manne kwa gia nzito. Mfumo wa namna hii hauachi shaka yoyote. Dereva asipovuta mkono huo, gari ni la magurudumu mawili. Akiuvuta, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja. Kwa sababu hiyo hautakiwi kutumika juu ya lami kavu, ambako magurudumu hayawezi kuteleza ili kusawazisha tofauti za mwendo wakati wa kona.

Mwaka 1994 ilitoka Delica Space Gear, iliyoitwa L400 katika masoko ya nje. Injini ilisogezwa mbele ya dereva, pua fupi ikaonekana, na mfumo wa Super Select ukaingia. Dereva wa Space Gear aliweza kutumia magurudumu manne hata juu ya lami, kwa kuwa kulikuwa na difu ya kati, na aliweza pia kuifunga difu hiyo na kuchagua gia nzito katika njia mbaya. Mwaka 2007 ilifuata Delica D:5, ambayo bodi na fremu yake vimeunganishwa kuwa kitu kimoja na ambayo 4WD yake huongozwa kwa umeme bila gia nzito. Magari yote matatu yana jina moja, na matoleo ya aina hii katika yote matatu huuzwa kwa herufi hizohizo za 4WD. Kwa mkulima wa mteremkoni, ni vyombo vitatu tofauti.

Madaraja ya Delica yana simulizi ya peke yake. Exceed na Super Exceed yalikuwa ya juu, yenye viti vya kuzungushwa, mapazia na kiyoyozi cha nyuma. Chamonix lilikuwa toleo maalumu la majira ya baridi, lililopewa jina la mji wa Ufaransa ulio chini ya milima ya Alpi, mji maarufu kwa michezo ya theluji. Paa la vioo, ambalo kampuni iliuza kwa jina la Crystal Lite Roof, liliwekwa ili abiria watazame vilele vya milima na anga la baridi. Paa hilo likiegeshwa katika jua la Mombasa hufanya kazi nyingine kabisa, na mapazia ambayo Japani yalikuwa anasa hugeuka kuwa vifaa vya lazima.

HiAce ilichukua njia nyingine. Katika kizazi cha tano, 4WD yake hutumia kiunganishi chenye kimiminika kizito ndani yake. Ekseli ya nyuma na ya mbele zikizunguka kwa mwendo uleule, kimiminika hicho hakifanyi kazi kubwa. Moja ikiteleza, kinashika na kupeleka nguvu upande wa pili. Hakuna mkono wa kuvuta wala gia nzito. Mfumo huu unatosha kwa barabara yenye theluji iliyoshindiliwa, na unasaidia katika utelezi wa udongo wa mvua, lakini hauligeuzi gari kuwa la porini. Pia una sharti ambalo halijaandikwa popote mlangoni: matairi manne yawe na mzunguko sawa. Matairi mapya mawili yakifungwa nyuma na yaliyokwisha yakaachwa mbele, ekseli mbili huzunguka kwa mwendo tofauti muda wote, kiunganishi hufanya kazi bila kupumzika, na joto hukiharibu. Katika biashara ya abiria, ambako matairi hubadilishwa mawili mawili kadiri fedha inavyopatikana, sharti hilo ni gumu kutimizwa.

Noah na mpasuko wa mwaka 2001

Hakuna gari linaloonyesha hatari ya kuamini jina kuliko Noah. Mwaka 1996 Toyota ilitoa TownAce Noah na LiteAce Noah, pacha wawili waliotofautiana kwa sura ya mbele na majina ya madaraja. Injini ilikuwa chini ya viti vya mbele, nguvu ilikwenda kwenye magurudumu ya nyuma, na mlango wa kusukuma ulikuwa mmoja tu, upande wa kushoto. Matoleo ya petroli ya lita 2.0 yaliandikwa SR40 yakiwa ya magurudumu mawili na SR50 yakiwa ya manne. Ya dizeli ya lita 2.2 yenye tabochaja yaliandikwa CR40 na CR50. Madaraja yalikuwa na majina ya kupendeza, yakiwemo Super Extra, Royal Lounge, Road Tourer na Field Tourer. Jina la mwisho linamfanya msomaji afikirie mbuga na njia za mashambani, lakini linasema zaidi juu ya bampa na mapambo kuliko juu ya ekseli. Ushahidi wa ekseli umo katika tarakimu, 40 au 50.

Mwezi Novemba 2001 majina ya TownAce na LiteAce yaliondolewa, likabaki Noah peke yake, na pacha wake mpya akaitwa Voxy. Jina liliendelea, gari halikuendelea. AZR60 ilikuwa na injini mbele, nguvu ikienda kwenye magurudumu ya mbele, sakafu ya chini na milango ya kusukuma pande zote mbili. Pacha wake wa 4WD, AZR65, huendesha magurudumu ya mbele kwa kawaida na kuyashirikisha ya nyuma inapohitajika. Fundi aliyezoea SR40, ambaye alijua kuwa uzito wa abiria walioketi nyuma huyakandamiza magurudumu yanayosukuma, alikutana sasa na gari ambalo likijazwa abiria na kupanda mlima hupunguziwa uzito juu ya magurudumu yanayovuta. Ni tofauti ambayo wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro na Meru hawahitaji kufundishwa na kitabu.

Injini ya AZR60 ilikuwa ya teknolojia ambayo Toyota iliitambulisha kwa herufi D-4, yaani petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Nne iliyomo katika nembo hiyo haina uhusiano wowote na magurudumu. Mafundi wa eneo hili walijifunza haraka kuiogopa, kwa kuwa pampu na nozeli zake hazivumilii petroli chafu, na tahadhari ya kukwepa D-4 ilienea miongoni mwa wanunuzi. Hii ni mojawapo ya mara chache ambapo nembo ya mlangoni ilisomwa kwa usahihi kamili, na haikuwa nembo ya anasa bali ya injini. Mwaka 2007 zilifuata ZRR70 na ZRR75, zenye injini ya familia ya ZR, na mwaka 2014 zikaja ZRR80 na ZRR85.

Kwa nini ziliondoka Japani

Wingi wa vani za Kijapani katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam una sababu zaidi ya moja. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto kama Japani, hivyo usukani haukuhitaji kuhamishwa. Ukaguzi wa lazima wa Japani huwa ghali kadiri gari linavyozeeka, na kwa vani ya mizigo gharama hiyo hurudi kila mwaka. Juu ya hayo, mwaka 2001 Japani ilirekebisha sheria yake ya kupunguza oksidi za naitrojeni ili ihusishe pia chembechembe za moshi, na magari ya dizeli ambayo hayakutimiza viwango yakapoteza polepole haki ya kuendelea kusajiliwa katika maeneo ya Tokyo, Nagoya na Osaka. Mwezi Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa ilianza kuzuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza viwango vyake vya chembechembe. HiAce ya dizeli ya kizazi cha nne, ambayo ingali na nguvu za kufanya kazi miaka mingi, ikawa mzigo kwa mwenyewe. Hewa ya Tokyo ilisafishwa kwa sehemu fulani na meli, na kile kilichokuwa uchafu huko kikawa mtaji huku. Maandishi mengi kuhusu mitumba ya magari hutaja bei nafuu na kuishia hapo. Sheria hizi za moshi zinastahili nafasi kubwa zaidi kuliko zinavyopewa.

Kizazi gani kingefika wapi kiliamuliwa na sheria za upande wa pili. Kenya, kwa kiwango chake cha KS 1515:2000, hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa na umri unaozidi miaka minane. Kwa kuwa HiAce ya kizazi cha nne iliacha kutengenezwa kwa soko la Japani mwaka 2004, mlango wake wa Mombasa ulijifunga wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2010. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Tanzania ilichagua kutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka badala ya kuyazuia kabisa, na kwa hiyo SR40 na HiAce za zamani ziliendelea kushushwa Dar es Salaam wakati Mombasa hazikuweza tena kupokelewa. Mtafiti anayelinganisha barabara za nchi hizi tatu na kuona tofauti za vizazi vya magari asiharakishe kuzihusisha na ladha za wanunuzi au uwezo wao wa kifedha.

Kuna urithi mwingine ulioletwa na 4WD ambao haukutangazwa. Vani hizi zilinunuliwa zaidi mahali penye theluji, na mahali penye theluji barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hula chuma kuanzia chini: fremu, mabomba ya breki, sehemu zinazoshikilia springi. Magari mengi ya maeneo hayo yalitengenezwa pia kwa vipimo maalumu vya nchi ya baridi, pamoja na betri kubwa na kipasha joto cha nyuma. Kipasha joto hicho cha ziada, kisichohitajika kamwe Dodoma wala Kisumu, ni dalili nzuri kwa mkaguzi: gari lenye kifaa hicho linastahili kuinuliwa na kutazamwa chini kabla ya kusifiwa kwa rangi yake. Kwa maneno mengine, sababu ileile iliyolipa gari magurudumu manne huenda ndiyo iliyolipa kutu.

Kusoma namba

Mfumo wa Toyota wa kuandika namba ya chesisi ni rahisi kuliko unavyoonekana. Herufi za mwanzo hutaja familia ya injini, herufi inayofuata hutaja familia ya gari, na tarakimu hutaja aina ya bodi na mfumo wa nguvu. KDH ni injini ya KD katika HiAce. TRH ni injini ya TR katika HiAce. AZR ni injini ya AZ katika familia ya Noah. Katika kizazi cha tano cha HiAce, KDH200 ni dizeli ya lita 2.5 ya magurudumu mawili na KDH205 ni ya manne. KDH201 ni dizeli ya lita 3.0 ya magurudumu mawili na KDH206 ni ya manne. Tofauti ni tano. Katika kizazi cha nne, hata hivyo, KZH100 ya magurudumu mawili ilikuwa na pacha wa manne aliyeitwa KZH106, na tofauti ni sita. Katika Noah ya kwanza tofauti ni kumi. Hakuna kanuni moja inayofaa vizazi vyote, na fundi anayedai kuwa nayo amejifunza kutoka kwa kizazi kimoja tu.

Kwa Delica, tarakimu ya mwisho hutaja injini: 5 katika P35W ni dizeli ya lita 2.5, na 8 katika PE8W ya Space Gear ni dizeli ya lita 2.8. PF8W ni injini hiyohiyo katika bodi ndefu.

Herufi inayofuata tarakimu ndiyo iliyopuuzwa zaidi, na ndiyo yenye uzito zaidi kwa maisha ya watu. KDH206V huishia na V, alama ya vani ya mizigo. TRH219W, ambayo ni HiAce pana ya petroli ya lita 2.7 yenye 4WD, huishia na W, alama ya gari la abiria. Herufi hiyo moja hueleza kama viti vya nyuma na mikanda yake vilikuwa sehemu ya mpango wa kiwanda au viliongezwa baadaye. Nembo ya Super GL haiwezi kueleza hilo, na kwa kweli humpotosha msomaji, kwa kuwa Super GL yenye mvuto wote huishia na V.

Nyaraka zinazobaki baada ya gari kufika hazisaidii sana. Karatasi ya mnada wa Japani, ambayo hutaja daraja la vifaa na kasoro za bodi, kwa kawaida hubaki kwa wakala. Hata ikifika, huwachanganya wengi kwa sababu alama yake ya 4 au 3.5 hupima hali ya gari wala haihusiani na daraja la vifaa. Kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania cha thamani ya magari yaliyotumika huuliza mtengenezaji, modeli, aina ya bodi, mwaka, nchi, mafuta na ukubwa wa injini; daraja la vifaa halimo. Huko Gerezani jijini Dar es Salaam, katika maduka ya Grogan jijini Nairobi na katika soko la Kisekka jijini Kampala, muuza spea mzoefu haulizi kama gari ni Super Custom au Field Tourer. Huuliza namba ya chesisi, kwa kuwa nembo hung'olewa na kubandikwa upya, na rasi ya ekseli ya SR40 haiingii katika gari jingine kwa sababu tu majina yao yanafanana.

Februari 2019 Toyota ilizindua nchini Ufilipino HiAce mpya kwa ajili ya masoko ya nje, yenye injini iliyosogezwa mbele na pua inayoonekana. Japani iliendelea kuuziwa ile ya mwaka 2004, kwa kuwa pua hiyo ingekula urefu ambao sheria ya kundi la 4 hairuhusu kuongezwa. Kwa hiyo HiAce inayonunuliwa mpya nje ya Japani na ile inayoshushwa melini ikiwa imetumika Osaka au Sapporo ni magari mawili yasiyoshirikiana bodi wala nafasi ya injini, na kwenye mlango wa nyuma wa kila moja pameandikwa neno lilelile.